Masale ya Mtaa wa Bekari

Jua halijafika kwenye mabati ya Mtaa wa Bekari, mjini Moshi, na Salvina Tesha yuko chini, magoti vumbini, ametandika ramani juu ya gunia tupu la mchele wa Chekereni. Kila pembe ameiwekea kokoto. Upepo ukivuma anailalia kwa viwiko vyote viwili, na wapita njia inabidi wamzunguke.

"Mama Pamela, umedondosha hereni?" anauliza mwendesha bodaboda mmoja huku akipunguza mwendo.

"Nimedondosha bomba la maji," anajibu bila kuinua uso. "La miaka ya sitini. Ukiliona uniite."

Bomba hilo la mtaa liling'olewa zamani, lakini kuna wazee watatu wanaoapa kuwa walichota maji hapo, na kila mmoja anaonyesha mahali pake. Salvina amewasikiliza wote. Sasa anapima kwa hatua, anarudi, anapima tena, kisha anaweka alama ndogo kwa penseli.

Ramani aliyoitandika ni nakala. Yenyewe, iliyochorwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, imelazwa ofisini ndani ya shuka, maana ukiikunja tu inakatika kama chapati ya jana. Ndani yake mtaa huu ni mistari miwili myembamba, yenye jina la Kiingereza ambalo hapa hakuna anayelikumbuka. Watu waliuita kwa bekari iliyokuwapo. Bekari imekufa, jina limebaki.

Juu ya nakala hiyo Salvina ameweka karatasi nyepesi inayoonyesha chini, na juu ya karatasi hiyo anaandika yale ambayo Mwingereza hakuyaandika. Hapa alikaa fundi baiskeli. Hapa palipigwa ngoma za harusi. Hapa ng'ombe wa fulani alitumbukia mtaroni, ikabidi aitwe padri.

"Padri alikuja kufanya nini?" anaulizwa.

"Hata mimi niliuliza," anasema. "Nikaambiwa ndiye aliyekuwa na kamba ndefu."

Salvina ana miaka hamsini na mitatu. Ni mjane, mzaliwa wa Kilema, na ameajiriwa na kampuni ndogo ya upimaji ambayo ofisi yake iko juu ya duka la vipuri. Ramani za zamani ziko mikononi mwake: anazipangusa vumbi, anazibandika zinapochanika, anazinakili. Siku za kazi ya nje hushika ncha moja ya tepu, kazi aliyokuwa akiifanya marehemu mumewe. Analipwa kwa kazi, wala si kwa mwezi. Kazi zikikatika, huteremsha ndizi kutoka kihamba chake, shamba lake la migomba la Kilema, na kuziuza mjini, na hapo kodi na madeni husubiri mpaka mnada wa ndizi uchangamke.

Mapema mwaka huu kazi hiyo ya tepu ilibaki kidogo imvunjie mama mmoja nusu ya nyumba. Na aliyeshika ncha ya tepu siku hiyo ni Salvina mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mtaa wa Bekari ulikuwa upanuliwe na kutiwa lami. Kampuni ikapewa kazi ya kuonyesha kingo zake, ili kila mtu ajue nani yuko kwake na nani kajenga barabarani. Upana ulijulikana, umeandikwa kwenye ramani ile ya zamani. Kilichokuwa hakijulikani ni pa kuanzia kupima.

Mawe ya mpaka, ambayo watu wa upimaji huyaita bikoni, yalikuwa yamekwisha. Mengine yaling'olewa, mengine yalifukiwa, mengine pengine yako chini ya sebule ya mtu. Ramani ilionyesha bikoni moja tu ya maana, kwenye kona ya bekari. Na bekari ndiyo hiyo imeshabomolewa, na pale ilipokuwa kumejengwa fremu za biashara.

"Mashine yangu inaniambia niko wapi leo," anasema Filemon, mpima mkuu wa kampuni hiyo, mtu wa Old Moshi, mpole, anayependa kuongea huku akisafisha miwani. "Haiwezi kuniambia wazee waliweka jiwe lao wapi. Hapo lazima upate kitu cha kushikilia, chochote kile, halafu ndiyo uanze."

Ndipo Salvina akayaona masale.

Masale ni mimea ya majani marefu, ya kijani kibichi, isiyokauka hata kiangazi. Kule mlimani, kwenye migomba, ndiyo mpaka. Mchaga akikuta ugomvi wa ardhi haulizi hati kwanza, anauliza masale yamepita wapi. Kuyang'oa ni kutangaza vita na jirani yako, na marehemu wa jirani yako pia. Salvina anakumbuka alivyochapwa utotoni kwa kuchuma moja tu la kuchezea.

Sasa, ubavuni mwa nyumba ya Mwantumu Shakiru, upande wa mtaa unaotazama mlima, kulikuwa na mstari wa masale yaliyokomaa, ulionyooka, ukienda sambamba na barabara. Ukiunyoosha mstari huo kwa macho, unaingia nyumba ile kiunoni. Baraza na vyumba viwili vya mbele vinabaki nje.

"Nikasema, jamani, mpaka huu hapa," anasimulia Salvina. "Nyumba imeusogelea mtaa, imeuruka mpaka wake. Nilifurahi kabisa. Nilimwita Filemon kwa sauti kubwa kama mtu aliyeokota simu."

Filemon alikuja, akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Wote wawili ni watu wa mlimani, na wote wawili waliona kitu walichokizoea tangu wanatambaa. Hapakubaki mtu wa kuuliza swali.

Tepu ikaanzia kwenye masale, ikavuka kwenda ng'ambo. Upana wa barabara ukaishia vizuri mbele ya fremu za biashara, bila kuzigusa. Siku chache baadaye ukuta wa Mwantumu ukapigwa X nyekundu, kubwa, ya rangi ya mafuta.

Kuna jambo moja ambalo mtaa mzima ulilijua, na halikuchukua hata siku mbili kuanza kusemwa. Fremu ya katikati kule ng'ambo ni saluni ya Pamela. Pamela ni mtoto wa pekee wa Salvina.

Mwantumu Shakiru ana miaka sitini na minane. Aliolewa katika nyumba hiyo, akazalia humo, akamuuguza mumewe humo, na maiti ya mumewe ilioshwa katika chumba cha mbele, kimoja kati ya vile vilivyopigwa X. Chumba cha pili alikuwa akimpangisha mwalimu. Barazani anakaanga vitumbua kila asubuhi. Ukimwondolea sehemu hiyo ya mbele, hujamwachia nyumba. Umemwachia korido na jiko.

Lakini si mtu wa kupiga mayowe. X ilipokauka, aliendelea kukaanga vitumbua vyake chini yake.

"Wateja wakaniuliza, Bi Mwantumu, hii X ya nini? Nikawaambia bei imepanda," anasema, na macho yake hayacheki. "Nyumba hii kaijenga baba mkwe wangu, Mzee Mikidadi. Alikuja na reli kutoka Tanga. Eti kaisogeza barabarani! Aisogeze aende wapi? Alitaka kupanda basi?"

Alikwenda ofisini mara mbili kulalamika. Akajibiwa kwa adabu kwamba kama ana mchoro wowote wa zamani aulete. Hakuwa nao. Mzee Mikidadi alikuwa mtu wa kuongea, hakuwa mtu wa karatasi.

Mtaani maneno yakawa mengi. Kwenye foleni ya mafuta ya taa, kwenye genge la mboga, hata kwenye msiba, Salvina alisikia kilekile kikisemwa nyuma ya mgongo wake: mama kampimia mwanawe.

"Iliniuma," anasema. "Iliniuma sana kwa sababu haikuwa kweli. Mimi niliona masale. Hata ingekuwa nyumba ya baba yangu, ningesema mpaka ni huo."

Pamela, ambaye ana miaka ishirini na tisa na ulimi mwepesi, alimwambia mama yake asihangaike. "Mama, si mstari ndiyo uko hivyo? Waache waongee, watachoka."

Salvina hakutulia. Asubuhi moja akaamua kwenda kwa Mwantumu mwenyewe, bila tepu, bila ramani. Alimkuta anaosha chungu cha unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kupima na jiko?"

"Nimekuja kukusalimu, mama."

Mwantumu akamvutia kigoda na kummiminia chai. Mgeni ni mgeni, hata akija na X yake. Wakakaa, wakanywa. Mwishowe Salvina akauliza swali ambalo, akilifikiria leo, anajishangaa kwa nini hakuliuliza siku ya kwanza.

"Mama, masale yale alipanda nani?"

"Baba mkwe," alijibu Mwantumu. "Mimi nililetwa hapa nikamkuta nayo machache. Akayakatakata, akachimbia mstari mzima. Bafu letu lilikuwa pale nje, na ng'ambo ndiyo bekari, watu wamejaa tangu alfajiri. Akasema mkwe wangu hawezi kwenda kuoga huku anahesabiwa na wanunua mkate."

"Kwa hiyo ni uzio wa bafu?"

"Uzio wa bafu. Ulidhani ni nini?"

Salvina alicheka kidogo, cheko la aibu. Halafu akauliza mzee aliitoa wapi mbegu, maana masale hayaoti yenyewe mjini.

"Aliletewa na jirani. Mchaga mwenzako, akiitwa Antoni, nyumba yake ilikuwa pale penye msingi uliobaki. Mama mkwe alikuwa akisimulia kila mara. Anasema Antoni alikuja asubuhi, kashika kitawi kimoja kwa mikono miwili hivi, kama mtu anayeleta maji ya moto. Majani kayafunga fundo. Hakusema maneno mengi. Mzee akampokea, akamshukuru kwa mbegu nzuri, akafungua fundo, akachimbia palepale."

"Alikuwa kayafunga fundo?"

"Fundo. Walidhani kayafunga ili yasimchome njiani. Kwani vipi?"

Salvina aliweka kikombe chini.

Kwa Mchaga, isale lililofungwa fundo halina habari na mpaka. Ni ombi la radhi. Mtu aliyekukosea anakuja nalo mkononi, na akija nalo huruhusiwi kumkatalia; hata kama kosa ni zito, isale likishaingia mlangoni, maneno yameisha. Hakuna anayelipanda. Mzee Mikidadi, mtu wa Tanga, hakuwa na namna ya kulijua hilo. Aliletewa radhi, akadhani ni mche.

"Nilikuwa nimempigia mama wa watu X kwa kutumia radhi ya mtu," anasema Salvina. "Yesu na Maria! Nilitaka kulia palepale."

Hakulia. Alimwuliza Mwantumu kama anakumbuka kona ya bekari ilikuwa mahali gani hasa. Mwantumu akatikisa kichwa. Yeye mkate alikuwa akiletewa na watoto. Anayejua, alisema, ni mke wa marehemu Antoni, Mektrida, kama bado yu hai. Walirudi Kilema siku nyingi.

Hapo ndipo Salvina alipopata kishawishi chake, na hakifichi. Masale yakishaondolewa kwenye hesabu, barabara inabidi ipimwe kuanzia kwenye bikoni ya bekari. Na upana haupungui. Ukiutoa kwa Mwantumu, lazima uende kwa mtu wa ng'ambo. Alijua ng'ambo yuko nani.

"Ningenyamaza, nani angejua? Filemon alikuwa ameridhika. Bi Mwantumu mwenyewe hakuelewa kile nilichokielewa. Siku mbili sikula vizuri. Nilikuwa nikimtazama Pamela anavyofagia saluni yake, nasema, Salvina, achana na hii habari."

Jumapili, baada ya misa, akapanda gari hadi njia panda, akachukua bodaboda ya kupanda Kilema.

Mektrida alikuwa hai, tena mzima wa afya, amepita themanini, ameketi nje ya jiko anamenya ndizi. Alimtaka kwanza mgeni ajieleze ukoo, akamwuliza babu yake, akamwuliza na shamba lao liko upande gani wa parokia. Aliporidhika ndipo akaitikia shikamoo vizuri.

Salvina alipotaja isale la Antoni, bibi huyo aliacha kumenya.

"Uwii! Nani kakwambia habari hiyo?"

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Alipopata pumzi, akasimulia. Antoni alikuwa akipika mbege, pombe ya ndizi, na maji ya kuoshea mapipa alikuwa akiyamwaga uani. Yalikuwa yakiteremka moja kwa moja hadi kwa Mzee Mikidadi. Mzee alivumilia. Mwaka mmoja, katikati ya mwezi wa Ramadhani, machicha ya mbege yakafika hadi mlangoni pake, naye amefunga. Maneno yaliyotoka siku hiyo, anasema Mektrida, hayasemeki mbele ya mtu anayetoka kanisani.

"Nikamwambia Antoni, umekosa. Mwenzako anaswali, wewe unamletea machicha. Akakubali. Akaja hukuhuku nyumbani kuchukua isale, akalifunga, akalipeleka. Akarudi amenuna hivi! Nikamwuliza, amekataa? Akasema hajakataa. Amelipanda! Nimekwenda kumwomba radhi, na yule mzee ananiwekea mpaka!"

Antoni hakumsalimu jirani yake karibu wiki nzima. Mzee Mikidadi hakuelewa kwa nini. Yeye alijua wameshapatana na hata zawadi ya mche amepewa. Jioni moja akamtumia mtoto amwite waje kufuturu pamoja. Walikula, wakacheka, ikaisha. Lakini Antoni hakumwambia kamwe.

"Utamwambiaje mtu kwamba amepanda radhi yako?" anauliza Mektrida. "Tukanyamaza. Kila yakirefuka, Antoni alikuwa akiyatazama anasema, tazama kosa langu linavyostawi."

Salvina alicheka pamoja naye, kwa sababu hakuna binadamu angeweza kutocheka. Kisha akauliza lile alilokuja kuuliza.

"Kona ya bekari? Ilikuwa inatazamana na mlango wangu kabisa," alisema bibi. "Pale chini palikuwa na jiwe la saruji, lina chuma katikati. Nilikuwa natua hapo mkungu wangu wa ndizi, nasubiri mkate utoke. Hicho chuma kilinichania khanga nzuri sana, ya pacha, sitakisahau. Msingi wa nyumba yetu bado upo?"

"Upo, bibi."

"Basi simama mlangoni pangu, utazame mbele. Huwezi kupotea."

Jumatatu Salvina alimweleza Filemon kila kitu, kuanzia bafu hadi khanga. Filemon alivua miwani, akaisafisha, akaivaa, akaivua tena.

"Mama Pamela. Unajua tukilikuta hilo jiwe, linakwenda kumgusa nani?"

"Najua."

"Sijapeleka ripoti ya mwisho bado. Ninaweza kusubiri hadi kesho kama unataka kuongea na binti kwanza."

"Tukachimbe," alisema Salvina.

Leo anasema hapo ndipo alipokosea mara ya pili. Angekubali ile siku moja.

Walisimama kwenye msingi wa Antoni, pale palipokuwa mlango, wakavuta kamba iliyonyooka hadi ng'ambo. Kamba ilipita kati ya fremu mbili, ikaingia kichochoro cha nyuma, ikafika chini ya pipa la maji ambalo Pamela hulitumia kuoshea nywele za wateja. Pipa likasogezwa. Vibarua wawili wakachimba, mtaa mzima ukakusanyika, na Bi Mwantumu akavuka barabara akiwa na upawa wake mkononi.

Haikuwa mbali. Jembe likagonga saruji, wakafukua kwa mikono, na jiwe likaonekana, la mraba, lina chuma kilicholiwa na kutu, na namba yake bado inasomeka. Namba ileile iliyoko kwenye ramani.

Pamela alitoka saluni akiwa na kitana mkononi.

"Mnatafuta nini?"

"Tumeshapata," alisema mama yake.

Pamela alilitazama jiwe, akageuka akatazama fremu zote zilivyosimama mbele ya jiwe hilo, kati yake na barabara. Hakuhitaji kuelezwa na mtu.

"Kwa hiyo saluni yangu iko wapi?"

"Iko barabarani, dada," alijibu Filemon kwa sauti ya chini. "Zote ziko barabarani. Aliyewajengea ndiye aliyewaponza."

Mteja aliyekuwa amesukwa upande mmoja wa kichwa akachungulia mlangoni, akasema, "Jamani, mimi mnimalizie kwanza."

Watu wakacheka, hata Pamela akataka kucheka. Kisha akamgeukia mama yake. "Ungeniambia, mama. Kabla ya hawa wote. Ungeniambia mimi kwanza." Akarudi ndani, akammaliza mteja wake, akafunga mlango.

Juma lililofuata X ya Mwantumu ilifutwa kwa chokaa, na mpya zikapigwa kwenye fremu zote za ng'ambo. Waliokuwa wakisema mama kampimia mwanawe sasa walikuwa wakimsifu Salvina hadi wanamchosha. Mmoja alimletea mkungu wa ndizi. Aliukataa.

Kwa Mwantumu alikwenda peke yake. Alikuwa amekata isale kutoka kihamba chake, akalifunga fundo, akalibeba kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka. Mwantumu alilitazama isale, akamtazama na aliyelibeba.

"Sasa hili ndiyo nipande, au ndiyo nisipande?"

"Usipande, mama! Nakuomba!"

Wakacheka wote wawili barazani, chini ya ukuta wenye baka jeupe la chokaa. Mwantumu akalipokea, akaliweka juu ya mlango. "Nimekusamehe," alisema, "lakini rangi ya ukuta utaninunulia." Salvina ameshainunua.

Ni Mwantumu huyohuyo aliyekuja na wazo la chumba. Mwalimu aliyekuwa amepanga amehamishiwa wilaya nyingine, na chumba kile cha mbele kina mlango wake wa barazani. Amemtumia Pamela ujumbe kwamba anaweza kuhamishia saluni humo.

"Kodi atalipa, mimi sigawi sadaka," anasema Mwantumu. "Lakini chumba ni chake, nimekifunga, simpangishi mtu mwingine. Mama yake aliniokoa kwa kumuumiza yeye. Ningekosa haya kama ningekaa kimya."

Pamela bado hajaja kukitazama. Kwa sasa anasuka kwenye saluni ya rafiki yake, karibu na soko, kiti cha kuazima. Anaongea huku vidole vyake vikienda mbio kichwani mwa mteja.

"Sina ugomvi na mama," anasema. "Nampigia simu, namuuliza amekula nini. Lakini kila mtu ananiambia mama yako ni mtu wa haki, mama yako ni mtu wa haki. Haki yenyewe nimeilipia mimi. Saluni ile nilipaka rangi kwa mikono yangu. Nipeni muda, jamani."

Greda zinatarajiwa mvua zikikatika. Salvina anataka kabla ya siku hiyo awe amemaliza ramani yake ya pili, hii ya penseli, yenye bomba, fundi baiskeli, ngoma za harusi na bafu la Bi Mwantumu. Ofisi ya serikali ya mtaa imemwahidi ukuta wa kuitundika. Hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Anaifanya asubuhi, kabla hajapanda ofisini, kwa sababu anasema aliwahi kupima mtaa huu bila kuuliza mtu, na hataki kurudia.

Fremu pia ameziandika, zote, kila moja na jina la mwenye biashara. Kwenye ile ya katikati penseli imekolea kuliko kwingine.

Akiulizwa anatumaini nini, haongelei ramani. Anagusa kitambaa alichojifunga kichwani. Kila mwisho wa mwezi, anasema, ilikuwa ni Pamela anayemsuka, bure, huku wakigombana kuhusu mitindo. Tangu siku ile ya jiwe hajasukwa. Wasusi wamejaa Moshi nzima, ila hajataka kukaa mbele ya mtu mwingine.

"Siku atakayoniambia mama njoo nikusuke, nitakwenda hata kama nimeacha chungu motoni," anasema. "Asiponiita, nitaelewa. Nimemuumiza mwanangu, na ninajua. Ila kupima upya, sipimi."